Mche wa grafaiti, ndengu na nyutroni: shajara ya mradi wangu wa jioni

Jumamosi 8 Machi 2025

Naanza kuandika hapa juu nimechoka kuandika nyuma ya risiti halafu nazipoteza. Mradi uko hivi. Tuko na kikundi cha sayansi cha watoto hapa mtaani Umoja, Nairobi, tunakutana kwa holi ya kanisa, na Mwalimu anayekisimamia aliniomba nilete kitu cha kuonyesha likizo ya Aprili. Nikasema sawa, nitaleta grafaiti. Akaniuliza, ile ya penseli? Eeh, ile ya penseli, lakini nitawaonyesha venye inageuka ikikaa ndani ya riakta ya nyuklia ikipigwa na nyutroni, zile chembe ndogo za ndani ya kiini cha atomu, miaka thelathini. Akanyamaza kidogo, akasema, ndugu yangu, bora usituletee kitu cha kuua watoto wa watu.

Sileti. Hakuna kitu hapa kitakuwa kimewahi kukaa kwa riakta. Grafaiti ninayo kwa sababu ya kazi: karakana yetu huko Industrial Area tuko na mashine ya kuchonga moldi kwa cheche za stima, sisi huiita spaki tu, na elektrodi zake ni grafaiti, kwa hivyo mabaki yanajaa ndoo. Leo bosi ameniruhusu nibebe vipande vitano. Nimenyoosha kimoja vizuri kwa mashine: urefu milimita 150, upana 20, unene 10. Kwa mizani ni gramu 53.4.

Piga hesabu hapo. Ni sentimita za ujazo 30, kwa hivyo densiti ni 1.78. Fuwele safi ya grafaiti isiyo na tundu ni 2.26. Maanake asilimia 21 ya huu mche wangu, ambao ukiushika unahisi kama jiwe, ni nafasi tupu. Grafaiti ya riakta nayo iko hapo hapo, 1.7 hadi 1.85. Naiandika tu, sijui kama itanisaidia.

Jumanne 11 Machi

Leo nimeharibu. Nilikuwa nasugua mche kwa msasa ndani ya nyumba, vumbi likaingia kwa ekstensheni, na vumbi la grafaiti linapitisha stima, mimi najua hivyo vizuri kabisa na bado nimesugulia pale pale kando ya soketi. Pwaa! Ploti nzima giza. Keateka amepanda ngazi na tochi, "Kijana, wewe unapika nini huko ndani?" Nimemwonyesha mikono, mweusi mpaka viwiko, akacheka akashuka kuwasha. Mama wa chini hajacheka, nguo zake zilikuwa kwa mashine.

Nikajifariji na hadithi ya Chicago. Ile riakta ya kwanza duniani, Chicago Pile-1, iliyowashwa na Enrico Fermi na wenzake tarehe 2 Desemba 1942 chini ya viti vya uwanja wa Stagg Field, ilikuwa rundo la matofali ya grafaiti yaliyopangwa kwa mikono, tani mia tatu na zaidi, na wale vijana waliokuwa wanayakata na kuyatoboa walitoka weusi kama wachimba makaa, sakafu inateleza kwa vumbi. Kwa hivyo niko kwa kampuni nzuri.

Grafaiti ilikuwa ya nini pale? Ya kupunguza mwendo. Urani ikipasuka inatoa nyutroni zenye kasi mno, na nyutroni ya kasi inapita urani nyingine bila kuipasua, inatakiwa ipunguzwe kwanza kwa kugongana na kitu chepesi ambacho hakiimezi. Kaboni ni nyepesi na haimezi, lakini iwe safi. Boroni ya kawaida, atomu moja tu, inameza nyutroni kama atomu za kaboni laki mbili na zaidi. Wajerumani wakati wa vita walipima grafaiti yao, mwanafizikia wao Walther Bothe ndiye aliyepima, wakaona inameza sana wakaiacha wakakimbilia maji mazito, yale ya hidrojeni nzito. Grafaiti yao ilikuwa na uchafu. Upande wa Marekani, mwanafizikia Leo Szilard aliwasumbua watengenezaji mpaka wakaleta iliyosafishwa. Yangu ya spaki haingefaa pia.

(Kabla mtu aniulize ya Uyombo, pale Kilifi palipopangwa kituo cha nyuklia: riakta nyingi zinazouzwa siku hizi zinapunguza nyutroni kwa maji. Hii ya grafaiti ni ukoo mwingine, wa Uingereza, wa Urusi, na hizi mpya za gesi kama ile ya Shidaowan kule China, iliyoanza kazi ya biashara Desemba 2023.)

Jumapili 16 Machi

Mvua asubuhi, nikakaa ndani na laptopu. Nimeandika programu ndogo kwa Python, nyutroni moja inaingia na nguvu ya elektronivolti milioni 2 (hicho ni kipimo kidogo cha nguvu, cha chembe), inagonga kaboni, inapoteza sehemu, inagonga nyingine, na kuendelea mpaka ichoke kabisa ifike 0.025, kiasi cha joto la chumba. Nimerudia mara elfu kumi. Wastani: magongano 115. Kwa kalamu nikapata hiyo hiyo, nikajipigia makofi peke yangu.

Sasa utamu uko kwa magongano ya kwanza. Nyutroni ikigonga kaboni uso kwa uso inaweza kuipa hadi asilimia 28 ya nguvu yake, wastani ni 14.2. Asilimia 14.2 ya milioni 2 ni kama 284,000. Na kung'oa atomu ya kaboni kutoka mahali pake kunahitaji elektronivolti kama 30 tu! Ni kama unagonga mlango wa mabati kwa lori. Hiyo atomu inatoka pale kama risasi, inang'oa zingine, nazo zinang'oa zingine.

Kadirio la wanafizikia wawili, Kinchin na Pease, la 1955 linasema gawanya nguvu kwa mara mbili ya ile 30. Nikagawanya nikapata atomu 4,733 kwa gongo moja, nikaanza kuambia watu kwa simu. Haraka haraka haina baraka. Atomu ikiwa na mwendo mkubwa hivyo haigongi wenzake sana, nguvu nyingi inaishia kwa elektroni zinazoivuta kama matope, na hiyo haing'oi mtu. Kwa kaboni unahesabu tu kuanzia elektronivolti kama 12,000 kushuka chini. Kwa hivyo ni atomu 200 hivi. Nimepiga simu tena kurekebisha, hakuna aliyekuwa amekumbuka ile ya kwanza.

Jambo lingine nimeliona: nyutroni ikishuka chini ya elektronivolti kama 106 haiwezi tena kung'oa chochote, hata ikigonga uso kwa uso. Kwa hivyo katika yale magongano 115, ni kama 62 za kwanza ndizo za kuharibu, zilizobaki ni kazi halali tu. Yaani ile kazi tunayoiajiria grafaiti, ya kupunguza mwendo, ndiyo hiyo hiyo inayoivunja, huwezi kutenganisha.

Eugene Wigner, mwenzake Fermi kule Chicago, aliliona hili mapema mno, 1942, kabla riakta yoyote kubwa kujengwa. Watu wakaliita ugonjwa wa Wigner. Msomi wa uhandisi wa kemia huyo, ndio maana aliwaza vitu kama tofali kuvimba.

Alhamisi 20 Machi

Mche umelazwa juu ya nyuzi mbili za raba, kila moja milimita 34 kutoka mwisho, hapo ndipo hautikisiki ukilia. Gonga katikati na kijiti, simu inarekodi, programu ya simu inaonyesha frikwensi. Mara ishirini: 1,090 Hz, ikiyumba kidogo tu. Kutoka hapo na vipimo na uzito unapata ukakamavu, kile kipimo cha Young, kama gigapaskali 10.4. Kwa grafaiti ya punje ndogo hiyo ni namba ya kuaminika. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kulipwa.

Unalia kama kengele ya plastiki, tii, halafu unanyamaza.

Jumamosi 22 Machi

Modeli ya kwanza, na imekataa.

Grafaiti ni matabaka. Ndani ya tabaka moja atomu zimeshikana kwa nguvu sana, umbali wa nanomita 0.142, lakini kati ya tabaka na tabaka ni 0.335 na ushikano ni dhaifu, ndio maana penseli inaandika, matabaka yanateleza yanabaki kwa karatasi. Atomu iking'olewa inaacha tundu kwa tabaka lake, na yenyewe inaenda kukwama katikati ya matabaka mawili. Zikiwa nyingi zinakusanyana zinakuwa kitabaka kipya kidogo, kinasukuma wenzake. Na kule zilikotoka, matundu yanaungana, tabaka linajivuta kuziba. Kwa hivyo fuwele inanenepa upande wa matabaka na kupungua upande wa upana.

Kwa hivyo: karatasi za manila 12, fremu ya plaiwudi yenye ukuta mmoja unaosogea, raba ya kuushika, rula pembeni. Atomu zilizokwama ni ndengu. Unapenyeza safu ya ndengu kati ya karatasi, ukuta unasogea. Safu ya kwanza, milimita 3. Ya pili, tena. Vizuri sana, watoto wataelewa, grafaiti inavimba.

Tatizo moja tu. Grafaiti ya riakta za joto haivimbi. Inapungua. Nimerudi kwa michoro ya vipimo niliyokuwa nayo, ya tofali zilizokaa kwa joto la digrii mia nne, tano, sita, na zote zinaanza kwa kusinyaa, zinasinyaa miaka, halafu mahali fulani zinageuka na kuanza kutanuka. Fuwele inavimba na tofali linasinyaa. Nimekaa nikaangalia ndengu zangu mpaka saa sita usiku. Kesho nitazipika.

Jumatano 26 Machi

Sijatatua. Lakini nikiwa kwa jam ya Jogoo Road nimepata njia ya kueleza kitu kingine, nguvu iliyofichwa.

Matatu imejaa, jamaa amebanwa mlangoni mguu mmoja nje, na kumbe nyuma kuna kiti wazi, ila hawezi kufika juu watu wamesimama katikati. Anaumia, na kila mtu anaumia naye. Ndiyo atomu iliyokwama kati ya matabaka na tundu lake liko karibu tu. Hiyo kubanwa ni nguvu, imewekwa kama akiba. Sasa dereva akipita bampu, watu wanatikisika, jamaa anarushwa mpaka kwa kiti, kila mtu anapumua. Joto ndilo bampu. Ukipasha grafaiti iliyopigwa ikiwa baridi, karibu na digrii 200 atomu nyingi zinarudi mahali kwa pamoja na ile akiba inatoka kama joto, na joto hilo linatikisa wengine, wanarudi nao, joto zaidi.

Akiba yenyewe si mchezo. Imewahi kupimwa hadi jouli kama 2,700 kwa gramu moja. Gramu moja ya grafaiti ya joto la chumba inahitaji kama jouli 0.7 tu kupanda digrii moja. Zikitoka zote mara moja unapita digrii elfu.

Windscale, Uingereza. Riakta mbili za kutengeneza plutoniamu ya mabomu zikipozwa na hewa tu inayopulizwa ndani na kutolewa kwa bomba refu, kwa hivyo grafaiti yake ilikuwa baridi na ilijaza akiba. Mnamo 1952 joto likapanda lenyewe bila mtu kuligusa, wakaelewa, wakaanza utaratibu wa kuipasha makusudi mara kwa mara itoe akiba polepole. Oktoba 1957, mara ya tisa kwa ile riakta ya kwanza, walianza tarehe 7, wakaona joto halijaenea vizuri, wakapasha tena, na tarehe 10 wakagundua katriji za urani ndani zinawaka. Tarehe 11 wakamwaga maji na kuzima hewa. Ayodini yenye mionzi ikatoka, maziwa ya mashamba ya eneo la kilomita za mraba 500 yakamwagwa wiki kadhaa. Kuna vichujio vilivyowekwa juu ya bomba kwa sababu John Cockcroft, mkuu wa utafiti wa nyuklia wa Uingereza, alisisitiza, watu walikuwa wanavicheka kama ujinga wake. Viliokoa mengi.

Riakta zilizofuata zinafanya kazi moto, na atomu zikitikiswa kila saa hazikai zimebanwa, zinarudi zenyewe pole pole, akiba haijai. Kwa hivyo ukitaka kuogopa, ogopa grafaiti baridi. Hii najua watoto wataikataa kwanza.

Jumapili 30 Machi

Ugali.

Nimeacha sufuria jana usiku, asubuhi nimefungua nikaona venye ugali ulivyopoa umeachana na ukingo, kuna pengo pande zote ungeweza kupitisha kisu. Nikasimama hapo na kifuniko mkononi kama mtu amesahau jina lake.

Grafaiti inapikwa kwa digrii karibu 2,800. Halafu inapoa. Fuwele inapopoa inasinyaa sana upande wa unene, asilimia kadhaa, lakini upande wa upana karibu haisogei. Na kila fuwele imeelekea upande wake na imefungwa na jirani zake. Lazima kitu kiachane. Kwa hivyo kila fuwele inabaki na nyufa nyembamba kati ya matabaka yake, nyufa za Mrozowski zinaitwa, kwa jina la mwanafizikia aliyezieleza. Tofali linatoka kiwandani likiwa limeshapasuka ndani mamilioni ya mara, na hapo ndipo uzima wake ulipo.

Juu sasa ona. Nyutroni zikija, fuwele inanenepa, inanenepea wapi? Ndani ya ufa wake mwenyewe. Nje huoni kitu. Lakini kule kusinyaa kwa upana hakuna ufa wa kukuficha, kunaonekana nje chote. Kwa hivyo tofali linasinyaa. Miaka inaenda, nyufa zinajaa, na siku zimejaa kunenepa kunakosa pa kwenda, kunasukuma nje, tofali linageuka na kuanza kutanuka, na fuwele zinaposukumana vibaya zinafungua matundu mapya, ya kuvunja sasa, si ya kusaidia.

Ile asilimia 21 yangu ya hewa niliyoiandika siku ya kwanza nikaipita! Si yote ni nyufa za aina hii, nyingine ni matundu tu ya gesi za wakati wa kupikwa, lakini niliiona kama kasoro ya grafaiti na kumbe ndimo umri wake ulimokaa.

Modeli ya pili: marundo manne madogo ya manila badala ya moja, kila rundo na mapengo nimeyaacha makusudi, na kingo za karatasi nimezikunja kidogo kidogo kuonyesha kusinyaa. Safu ya kwanza ya ndengu mpaka ya tisa, ukuta wa juu haukusonga hata nywele, na wa pembeni ukaingia ndani milimita 6. Ya kumi ukuta wa juu ukatoka. Nimepiga kelele, mama wa chini amegonga dari kwa ufagio.

Alhamisi 3 Aprili

Luthuli, kule maduka ya elektroniki: spika ndogo, swichi tatu, waya. Mia nane hivi baada ya kubishana. Imenyesha mpaka nikavua viatu.

Jumamosi 5 Aprili

Kisanduku cha sauti kimekubali. Wazo: siwezi kuwapa watoto mche uliopigwa na nyutroni, lakini naweza kuwapa sauti yake. Unagonga mche wa kweli, 1,090 Hz. Unabonyeza swichi ya pili unasikia ungelia vipi ukiwa katikati ya maisha yake ndani ya riakta.

Na unapanda juu, si chini. Hapa ndipo watu hubishana nami, wanasema kitu kimepigwa lazima kiwe laini. Hapana. Grafaiti mpya ina ulegevu juu matabaka yanateleza. Zile atomu zilizokwama kati yake ni kama mawe madogo umeweka chini ya mlango, zinazuia kuteleza. Inakuwa kakamavu zaidi na hata nguvu yake ya kuhimili inaongezeka. Nikichukulia ukakamavu umepanda mara mbili, sauti inafika kama 1,540 Hz. Swichi ya tatu ni uzeeni, nyufa zimejaa, matundu mapya yamefunguka, ukakamavu umeanguka hadi chini ya ulipoanzia. Nimeweka nusu ya mwanzo, 770 Hz. Ukizisikiza kwa kufuatana, tii, tiii ya juu, halafu doo. Nimezisikiza kama mara hamsini.

Kuna kitu kingine sijui nitakiweka wapi. Kule kusinyaa na kutanuka hakufanani mahali pote pa tofali. Chukua zile riakta za gesi za Uingereza, AGR. Tofali ni kama bomba nene, mafuta ya urani yako katikati, kwa hivyo ukuta wa ndani unapigwa zaidi kuliko wa nje. Mwanzoni ndani kunasinyaa haraka, kunavutwa, nyufa zinaanzia ndani. Baadaye ndani kunageuka kwanza na kutanuka wakati nje bado kunasinyaa, sasa nje ndiko kunakovutwa, na nje kuna mifereji ya funguo za kushikanisha tofali na jirani yake, na kona ya mfereji ndipo panapopasuka. Hunterston B huko Scotland, iliyoanza 1976, ukaguzi wa 2018 ulionyesha nyufa za aina hiyo, kwa makadirio, zaidi ya 350 kwa riakta moja. Riakta zake zote mbili zilifungwa kabisa, Novemba 2021 na Januari 2022. Tofali huwezi kubadilisha, ndilo nyumba yenyewe. Warusi wao kule Leningrad walikuta nguzo za grafaiti za RBMK ya kwanza, hiyo ni riakta yao ya grafaiti, zimepinda, wakaisimamisha 2012, wakaingiza mashine kukata tofali ili zinyooke, wakaiwasha tena mwisho wa 2013. Walikata nafasi! Sisemi kitu, nafasi tena.

Na kinachofanya tofali zisipasuke mapema zaidi ni kwamba nyutroni zenyewe zinalainisha mvutano, grafaiti ikivutwa huku inapigwa inajinyoosha pole pole kama mpira wa zamani, kitu ambacho joto la riakta pekee lisingeifanya. Adui huyo huyo ndiye daktari. Kwa modeli sina njia ya kuionyesha, naiacha.

Jumatano 9 Aprili

Jaribio la barafu. Vipande viwili vya barafu kutoka kwa friji ya kibanda cha samaki, kimoja juu ya grafaiti, kingine juu ya kigae cha jiko kilichovunjika. Ya grafaiti inayeyuka mbele ya macho yako, ya kigae inakaa tu. Grafaiti mpya inapitisha joto vizuri kuliko vyuma vingi, zaidi ya wati 100 kwa mita kwa digrii. Ikipigwa, hii ndiyo tabia inayoanguka mapema kuliko zote na vibaya kuliko zote, ikiwa imepigwa baridi inaweza kuanguka mara makumi, juu joto linasafiri kama mitetemo kwenye matabaka na kila tundu linaitawanya. Nitawaambia kigae ndio grafaiti mzee. Ni uongo kidogo, ni uongo wa kufundishia.

Jumamosi 12 Aprili

Imeenda. Watoto ishirini na kitu, Mwalimu mbele kabisa akiangalia mikono yangu kama nitatoa bomu. Barafu waliipenda, ndengu waliipenda zaidi, wengine walikula. Kisanduku cha sauti kimeharibika baada ya dakika kumi, waya wa swichi ya tatu, kwa hivyo uzee wa grafaiti nimeuimba mwenyewe, doo, wakacheka mpaka Mwalimu akacheka.

Ya matatu waliielewa kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja akauliza, "Anko, na kama barabara ni mzuri, haina bampu?" Nikamwambia basi jamaa anabaki mlangoni mpaka siku ya bampu, na siku hiyo wako wengi mlangoni. Akasema, "Kwa hivyo barabara mbaya ni mzuri." Kwa grafaiti, ndio.

Halafu msichana wa gredi ya sita, alikuwa amekaa kimya na modeli ya ndengu muda wote, akasema kama nafasi ndizo zinaifanya iishi, kwa nini wasiweke nafasi nyingi zaidi.

Nilijibu kwa kifupi, kwamba ukiweka matundu mengi unapunguza kaboni, na kaboni ndiyo ya kupunguza nyutroni, na pia gesi inaingia ndani inaila, maana kwa zile za Uingereza gesi ya kaboni dayoksaidi inavunjwa na mnururisho na kuanza kuila grafaiti kutoka kwa matundu, mpaka wanaongeza methani kidogo kuizuia. Na inakuwa dhaifu. Akasema, "Dhaifu aje?" Nikasema dhaifu tu. Hakuridhika, na alikuwa na haki.

Jumamosi 19 Aprili

Kwa hivyo leo nimerudi na mche wa pili, pacha wa ule wa kwanza, na drili ya mkono. Tumeupima kwanza, 1,090, sawa sawa na nduguye. Yule msichana ndiye alikuwa anashika simu na kuandika. Tukatoboa matundu manne ya milimita 4, tukagonga. Manne tena. Manne tena. Namba inashuka kila mara, mpaka 1,010 kwa matundu kumi na mbili, na sauti yenyewe ilikuwa imeanza kuwa chafu, hata bila simu ungesikia. Nikamweleza matundu yetu ni ya duara na makubwa, nyufa za Mrozowski ni nyembamba kama karatasi na zimelala kati ya matabaka, si kitu kimoja. Akaandika hiyo pia.

Akaomba agonge yeye. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu mche ukakatika kwenye tundu la sita, vipande viwili kwa meza. Alishtuka, akaniangalia kama nitamkaripia. Nikamwambia andika: gongo la tatu, tundu la sita. Akaandika, akachukua rula akapima vipande vyote viwili, milimita 71 na 79, akauliza kama anaweza kubeba kile kifupi nyumbani kuandikia.

Nimempa, na nimemwambia asisugulie karibu na soketi.